Chipukizi Ndilo Linalosema

Mzee mmoja wa Nachingwea, ambaye nimetembea naye mashambani mara kadhaa, haanzi na bomba la dawa. Huingia mikono mitupu, umande ungali kwenye majani, akavuta tawi la mkorosho hadi usawa wa macho, akanyamaza. Mwezi wa sita mikorosho ikichipua na kuanza kutoa maua, anaweza kusimama chini ya mti mmoja mpaka wewe uliyefuatana naye uchoke.

"Mjukuu wangu, hebu tazama hapa."

Kwenye chipukizi palikuwa na kidonda cheusi, kirefu, chenye tone la utomvu. Hicho hata mimi nilikiona. Juu yake kidogo, kwenye ngozi laini ya kijani, zilichomoza nyuzi mbili nyeupe, nyembamba kuliko unywele. Hilo ni yai la mbu wa mikorosho: jike hulizamisha ndani ya chipukizi, nje zikabaki nyuzi hizo tu. Mdudu huyu si mbu wetu wa malaria. Ni wa ukoo wa kunguni, miguu na papasi ndefu, mgongoni kabeba kitu kama pini iliyosimama. Jua likipanda hujificha kivulini. Anayefika shambani saa nne hukuta vidonda, mwenyewe hayupo.

Mti wa jirani ulikuwa na unga wa kijivu kwenye mashada, na maua yaliyokuwa bado hayajafunguka yameanza kuwa kahawia. Huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaopenda baridi na umande wa miezi hii. Salfa huukinga, lakini haimuui mbu. Nimeona watu wakipuliza salfa kwenye vidonda vyeusi msimu mzima, na inauma, kwa sababu jibu lilikuwa pale pale kwenye chipukizi.

Ninachompendea mzee huyu zaidi ni namna anavyowatambua walio upande wake. Shambani kwa ndugu zake Ruangwa kuna mikorosho yenye viota vya sisimizi waitwao majimoto, majani yaliyoshonwa kwa hariri ya watoto wao. Wavunaji huwachukia kwa kuwa wanauma. Yeye aligusa kiota kwa kidole, wakamwagika hadi kiwikoni, akawapangusa taratibu bila kuwaua. Majimoto huwinda mbu wa mikorosho na pia kunguni anayefyonza korosho changa na kuacha madoa kwenye kiini. Korosho zikifika ghala la RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na zikapasuliwa kupimwa ubora, madoa hayo ndiyo yanayoonekana. Kwenye mti ule wenye kiota tulikagua chipukizi moja baada ya jingine, hatukuona kidonda kipya.

Tuliporudi Nachingwea alichana kitambaa chekundu, akakifunga kama alama kwenye miti mitatu tu iliyokuwa na vidonda vibichi. Ule wa majimoto kule Ruangwa alikuwa ameupita, akisema dawa isifike hapo.