HAYMU TIPE: JEMADARI AU BABA?
Uhakiki wa Simulizi ya Wairaqw wa Karatu

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiafrika wameandika mengi kuhusu mashujaa. Kila mwanafunzi wa Fasihi aliyewahi kuketi katika kozi hiyo anaweza kuvitaja vigezo hata akiamshwa usiku wa manane: shujaa awe na nguvu zisizo za kawaida, awe na sihiri au kinga, apigane kwa ajili ya watu wake, na mara nyingi mwisho wake asalitiwe na mtu wa karibu. Kwa vigezo hivyo tumempima Fumo Liyongo, tukampima Sundiata, tukampima na Mkwawa, na wote wamefaulu. Lakini ni mara chache tunamuuliza shujaa swali la kawaida kabisa, lile ambalo majirani huulizana kila asubuhi: huko nyumbani, watoto hawajambo?

Katika makala haya nakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuihakiki simulizi ya Haymu Tipe, kiongozi wa Wairaqw wa kale. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, ndio walio wengi wilayani Karatu, kwenye miteremko iliyopakana na misitu ya Ngorongoro, na simulizi hii ni mojawapo ya masimulizi yao ya chimbuko. Nilipoitoa kwenye semina yetu, mwenzetu mmoja aliuliza bila kupepesa macho: "Sasa hapo shujaa nani? Huyo mzee si ndiye aliyewamaliza watu wake?" Ubishi ulizuka mpaka kipindi kikaisha. Swali lile linastahili jibu, maana jibu lake litaonyesha sisi wenyewe tunaelewa nini tunapotamka neno shujaa.

Kisa chenyewe

Ndugu msomaji, kwa vile simulizi hii haimo katika vitabu vyetu vya kiada, hebu tuipitie kwa kifupi. Kama ilivyo kawaida ya fasihi simulizi, kila fanani ana namna yake ya kuitoa, lakini uti wa mgongo wake ni huu.

Kabla ya kufika katika milima ya Mbulu, Wairaqw walikaa mahali paitwapo Ma'angwatay chini ya uongozi wa Haymu Tipe, mtu aliyekuwa na uwezo wa kiganga wa kuita vita. Vijana wakawa wanataka kupigana, naye hakuwapa adui. Mvutano ukakua, hata siku moja vijana wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, wakampeleka porini. Sharti lao lilikuwa moja tu: mzee awaletee adui, la sivyo mtoto atauawa. Haymu Tipe akakubali. Akawaita Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Vita vikapiganwa, vikawa vikali, na Wairaqw wengi wakafa.

Waliosalia wakakimbia pamoja naye hadi Guser-Twalay. Hapo Gemakw, yule yule aliyenunuliwa kwa damu ya wengi, akaugua na kufariki. Baba akaondoka tena na jamaa zake, akaenda hadi Irqwa Da'aw, yaani Mama Isara huko Mbulu. Kutoka huko ndiko Wairaqw walikosambaa, na katika karne ya 20, wakati wa utawala wa Waingereza, wengi wao wakaingia na kulima katika nchi ya Karatu.

Jemadari asiyetaka vita

Jambo la kwanza linalojitokeza katika maudhui ni kwamba mgogoro wa simulizi hii hauanzi na adui wa nje. Hakuna aliyewachokoza Wairaqw. Mgogoro unaanzia ndani ya jamii, kati ya rika la vijana na mzee mwenye mamlaka ya vita. Vijana wana nguvu na silaha, ila hawana ruhusa. Mzee ana ruhusa lakini hana haja ya vita. Hapa fanani anatuonyesha kiongozi wa kijeshi ambaye uwezo wake mkubwa kabisa ni kukataa. Anaweza kuita vita wakati wowote, na kila siku asiyoviita ni kazi aliyoifanya, ingawa hakuna anayeiona.

Hilo si ajabu katika fasihi ya Wairaqw. Utanzu wao unaosifika sana ni slufay, ushairi wa dua unaosemwa na mzee mbele ya kikao huku waliopo wakiitikia. Mambo yanayoombwa humo ni kama vile mvua, uzazi na amani. Hadhira iliyolelewa katika utanzu wa namna hiyo haiwezi kumwona Haymu Tipe kuwa mwoga kwa sababu tu hakutaka kupigana. Woga tunaoudhania sisi umetoka katika vigezo vyetu vya darasani.

Vijana walijua udhaifu wake ulipo. Hawakumpindua wala hawakumpiga. Walikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Kwa maneno mengine, walitambua jambo ambalo wahakiki wengi hatulitambui, kwamba jemadari huyu, kabla ya kuwa jemadari, alikuwa baba.

Je, alikosea?

Sasa tuje kwenye swali la mwenzetu. Hoja yake ni nzito na haifai kupuuzwa. Haymu Tipe alikuwa na mtoto mmoja aliyetekwa, lakini wale waliokufa vitani nao walikuwa watoto wa watu. Kila mmoja alikuwa Gemakw wa mama fulani. Kiongozi anayetoa wana wa wenzake ili kumwokoa wa kwake, jamani, huyo tutamwitaje?

Nadhani tutapata mwanga tukimlinganisha na Agamemnon wa Wayunani. Katika masimulizi yao, jemadari huyo alikubali bintiye Iphigenia atolewe kafara ili merikebu zipate upepo wa kwendea vitani Troy. Mmoja alimtoa mwana apate vita. Mwingine aliitoa vita apate mwana. Agamemnon alishinda vita, akarudi nyumbani akauawa na mkewe. Haymu Tipe alishindwa vita, akaondoka na familia yake, na kizazi chake hakikufutika katika kumbukumbu. Silengi kusema Wairaqw ni bora kuliko Wayunani. Ninachosema ni kwamba jamii hizi mbili zilitazama mtego ule ule, na kila moja ikaufungua kwa upande wake.

Hata hivyo simulizi yetu haimpi Haymu Tipe msamaha wa bure. Hapa ndipo ninapoona ukomavu wake. Kama fanani angetaka kumtetea, angemwacha Gemakw aishi, aoe, azae, nasi tungesema: basi, ilistahili. Kama angetaka kumlaani, mtoto angeuawa na watekaji kule porini. Badala yake Gemakw anarudishwa mzima, anatembea na baba yake safari ya wakimbizi, kisha anakufa kwa ugonjwa, kifo cha kawaida kisichokuwa na mkuki wala mtu wa kulaumiwa. Gharama yote ile imenunua siku chache tu za kuwa pamoja. Simulizi haituambii kama siku hizo zilitosha. Inatuachia sisi.

Kwa maoni yangu, lawama kubwa inawaangukia vijana, na fanani amelionyesha hilo kwa fani. Baba ana jina, mtoto ana jina, mahali pa kila kituo cha safari pana jina. Watekaji hawana jina hata mmoja. Ni kundi tu. Katika jamii inayotunza nasaba kwa mdomo, kunyimwa jina ni hukumu tosha.

Haymu Tipe na Liyongo

Kwa msomaji wa Kiswahili, ulinganisho usioepukika ni ule wa Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anauawa na mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mfalme, kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Huko pia adui anapitia kwa mtoto, maana ngome ya shujaa haina mlango mwingine. Tofauti ni kwamba mtoto wa Liyongo ni msaliti, na Gemakw ni dhamana. Liyongo anakufa kwa kumwamini mwana. Haymu Tipe anabaki hai baada ya kumzika. Sijui ni lipi gumu zaidi, ila najua kwamba la pili halina nafasi katika orodha yetu ya vigezo.

Tukija karibu zaidi, Vita vya Kagera vya 1978–1979 navyo vilipata utenzi wake, ule wa Henry Muhanika uliotoka mwaka 1981. Jina lake lenyewe linataja vita na anguko la Idi Amin. Ni kazi muhimu. Lakini askari wetu waliovuka mpaka walikuwa pia baba za watu, na upande huo wa maisha yao bado unangoja waandishi wa kutosha.

Adui ni nani?

Simulizi hii ina upungufu wake. Wabarbaig wamechorwa kama wahusika bapa: wanaitwa, wanapigana, wanaondoka. Kumbe Wadatoga nao wana masimulizi yao ya kufukuzwa. Waliwahi kuishi ndani ya kreta ya Ngorongoro kabla ya kuondolewa na Wamasai katika karne ya 19, na makaburi ya watu wao yamo humo mpaka leo, nao wameendelea kuyaheshimu. Wamasai waliwaita Mang'ati, yaani adui, na jina hilo limeingia hata katika Kiswahili cha mitaani bila watu kujali maana yake. Mtu anayesimama Karatu akazitazama kingo za Ngorongoro anatazama nchi ambayo kila kabila limewahi kuwa mkimbizi ndani yake na adui wa mwenzake. Ingefaa tusikie upande wa pili wa vita vya Ma'angwatay kutoka kwa fanani wa Kidatoga.

Upungufu wa pili ni mama yake Gemakw. Katika kisa kama nilivyokipata, hana jina wala kauli. Utendi wa Liyongo angalau unamleta mama kisimani amsihi mwanawe, ambaye kumbe amekwisha kufa huku amepiga goti na uta mkononi. Kule Guser-Twalay tunaambiwa baba alifiwa. Mama naye alilia wapi? Mtafiti wa kike akikaa na bibi zetu huenda akapata toleo lenye jibu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Haymu Tipe ni shujaa wa aina ambayo vigezo vyetu havikumtarajia. Nguvu zake zilikuwa katika kukataa vita, na aliposhindwa, alishindwa kwa sababu ya mapenzi ya mzazi. Jamii yake haikulificha hilo. Katika simulizi ya chimbuko lao, mahali ambapo wengine huweka ushindi, Wairaqw wameweka kaburi la mtoto, na baba anayenyanyuka kandokando yake kuendelea na safari kwa kuwa walio hai bado wanamtegemea.

Basi wenzangu, likizo ijayo anayekwenda Rhotia, Mbulumbulu au Endamarariek aende na simu yenye chaji ya kutosha, akae na wazee, arekodi, kwa Kiiraqw kwanza na Kiswahili baadaye. Walimu wetu nao wafikirie kuviongeza vigezo. Shujaa apimwe pia kwa yale aliyokataa kuyafanya, na kwa watu waliokuwa wakimngoja nyumbani.