Uso wa Mpinzani: Chaki ya Holbein na Askofu Fisher

Wanafunzi wa historia ya Matengenezo ya Kanisa humkumbuka John Fisher, Askofu wa Rochester, kama mpinzani wa Martin Luther. Tarehe 12 Mei 1521, vitabu vya Luther vilipochomwa moto mbele ya Kanisa la Mtakatifu Paulo jijini London, ndiye aliyehubiri. Mwaka 1523 akatoa kitabu kinene cha Kilatini kuyapinga mafundisho ya Luther hoja kwa hoja. Lakini upo ushuhuda mwingine juu yake, usioandikwa kwa maneno: mchoro wa chaki wa Hans Holbein Kijana, uliomo katika mkusanyo wa kifalme huko Windsor, Uingereza. Ni karatasi ndogo, yenye urefu wa sentimita 38 hivi.

Chaki hapa isidhaniwe kuwa ni ile ya ubaoni. Ni mawe laini yachimbwayo ardhini, moja jeusi na jingine jekundu, yaliyokatwa vipande na kuchongwa ncha. Holbein alipokwenda Uingereza mara ya kwanza, mwaka 1526, alichora juu ya karatasi isiyopakwa kitu. Aliporudi mwaka 1532 alikuwa na desturi mpya: kwanza alipaka karatasi rangi ya waridi hafifu, akaiacha ikauke, ndipo akachora. Jambo hili laonekana dogo, lakini faida yake ilikuwa kubwa. Karatasi yenyewe ikawa ngozi ya mtu. Mchoraji hakulazimika tena kuujaza uso kwa rangi. Alihitaji tu kuonyesha mahali ngozi inapobonyea, inapokunjamana, au inapokaribia mfupa.

Nao uso wa Fisher ni mifupa mitupu. Alikuwa amepita umri wa miaka sitini. Mashavu yamezama, midomo ni myembamba na imefungwa, macho yamechoka lakini hayakulegea. Chaki nyekundu imetumika kwa ubahili mno, na rangi ya hudhurungi ya majimaji imetia kivuli kidogo. Kisha mstari wa wino unapita penye macho, pua na midomo, mwembamba kama unywele. Wataalamu wamebishana sana kama wino katika michoro hii ya Windsor wote ni wa mkono wa Holbein, kwa maana baadhi yake yaweza kuwa iliguswa tena na watu wengine baadaye. Katika mchoro huu mimi naona mstari wa macho ni wa bwana mwenyewe. Mwigaji angeukaza zaidi. Mavazi yamedokezwa tu kwa mistari michache, kana kwamba mchoraji alisema: cheo chake mnakijua, mtazameni yeye.

Wako wanaomlaumu Holbein kuwa ni baridi. Wanasema alimchora kila mtu kwa utulivu uleule, mfanyabiashara, mwanamke wa ikulu na shahidi wa imani, wala hatuambii yeye alisimama upande gani. Lawama hii si ya kupuuzwa. Mwaka uleule wa 1521 Lucas Cranach, rafiki wa Luther, alitoa kule Wittenberg picha zilizomlinganisha Kristo na Papa kama Mpinga-Kristo, na hakuna aliyeuliza Cranach yuko upande gani. Picha zile zina nguvu, nazo zilifanya kazi yake. Lakini Papa aliyemo ndani yake hana uso. Ana taji tu. Sisi wahubiri twaijua njia hiyo vizuri mno, maana ni rahisi kummaliza mpinzani mimbarani kwa sentensi mbili, naye hayupo kujibu. Ubaridi wa Holbein, nionavyo mimi, ni kukataa kumhukumu mtu kabla ya kumtazama. Baada ya kuona macho yale siwezi tena kukisoma kitabu cha Fisher kana kwamba kiliandikwa na taji.

Wala haikuwa kwamba Holbein hakuwa na kazi upande wa pili. Ukurasa wa mbele wa Biblia ya Kiingereza ya Coverdale, iliyochapwa mwaka 1535, ni kazi yake. Mwaka huohuo, tarehe 22 Juni, Fisher alikatwa kichwa kwa kukataa kumkiri Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, na kichwa chake kikawekwa juu ya daraja la London. Mkono usiojulikana uliandika habari ya kifo hicho kwa Kiitaliano juu ya karatasi ya mchoro.

Michoro ya Holbein iliingia mikononi mwa jamaa ya kifalme, ikapotea, ikarudi, ikasahauliwa. Mwaka 1727 Malkia Caroline aliikuta ndani ya kabati katika jumba la Kensington. Malkia huyo alitoka Ansbach, Ujerumani, naye katika ujana wake alikataa kuolewa na mwana wa mfalme Mkatoliki kwa sababu hakutaka kuiacha imani ya Kilutheri. Aliagiza michoro ile itiwe fremu, akaitundika ukutani.