Historia Iliyoandikwa na Maboi

 Mtaa wa Kamalondo, ulioitwa Albert enzi za Wabelgiji, uko Lubumbashi, mji wenye urithi wa maandishi wa pekee. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa boi, yaani mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa Kiswahili cha hapahapa habari za Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani: kazi, mabwana, mishahara, vita. Waliofagia nyumba ndio waliosimulia mji! Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, alilichapisha andiko hilo pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Wazazi, wasomeeni watoto ukurasa mmoja wa andiko hilo kwa sauti, kisha wamuulize nkambo wao, babu au bibi, aliishi avenyu gani.