Usimulizi kama Ngao: Uhakiki wa The One Hundred Nights of Hero

Isabel Greenberg, mwandishi na mchoraji wa Uingereza, alitoa riwaya yake ya pili ya picha, The One Hundred Nights of Hero, mwaka 2016. Sawa na ile ya kwanza, The Encyclopedia of Early Earth (2013), riwaya hii imejengwa kwa ngano fupi zilizofumwa pamoja, na mandhari yake ni dunia ya kale ya kubuniwa, chini ya mungu mwenye sura ya ndege. Suala linalomkabili mhakiki ni hili: je, ufumaji huo ni pambo la fani tu, au umebeba maudhui yenyewe?

Katika kitabu cha kwanza jibu lina mashaka. Kijana msimulizi kutoka nchi ya Nord anasafiri akitafuta kipande cha roho yake kilichopotea, na njiani ngano zinazaliana. Gharika na mnara mrefu vinasimuliwa upya kwa ucheshi, lakini safari ni uzi mwembamba: ngano moja ikiondolewa, nyingine hazitikisiki.

Kitabu cha pili ni tofauti. Jerome anajisifu kuwa mkewe, Cherry, ni mwaminifu. Rafikiye Manfred anawekeana naye dau kwamba atamshawishi katika muda wa siku 100. Cherry, hata hivyo, anapendana na mtumishi wake, Hero. Kila usiku Hero anasimulia ngano, Manfred anatega sikio, na alfajiri inaingia kabla hajatimiza nia yake.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua hapa Alfu Lela Ulela. Lakini Shahrazad anasimulia mbele ya mfalme aliye mumewe, nafsi yake ikiwa hatarini. Hero anasimulia ili kumkinga mpenzi wake. Isitoshe, katika nchi yao wanawake wamekatazwa kusoma na kuandika. Kwa hiyo ngano ya akina dada wanaosoma kwa siri na kuadhibiwa haiburudishi tu: inatangulia kuonyesha yatakayoweza kuwapata Hero na Cherry. Ngano ya ndani inaifasiri ya nje. Hapo ndipo fani na maudhui vinapokuwa kitu kimoja.

Michoro inaitumikia dhamira hiyo. Mistari ni minene, rangi ni chache, na maumbo ya watu ni sahili kama yaliyochongwa kwenye ubao. Kwa kuwa wahusika wa ngano na wasimulizi wao wamechorwa kwa mkono ule ule, mpaka kati ya anayesimulia na anayesimuliwa unafifia.

Kasoro ipo katika uumbaji wa wanaume. Manfred na Jerome ni wapumbavu tangu mwanzo hadi mwisho, na adui anayesahau nia yake kwa wepisi namna hiyo hamtishi msomaji. Mfalme wa Alfu Lela Ulela anaogofya kwa sababu amekwisha kuua. Hata hivyo, kasoro hiyo haiangushi kazi nzima, kwani mpinzani halisi wa Hero si Manfred bali sheria. Na kumshinda mtu mmoja hakuwaponyi wapenzi hao na hukumu ya nchi. Kinachosalia ni ngano zenyewe, zikipokezanwa na wanawake wengine, na kwa ajili ya upokezanaji huo riwaya hii inastahili kusomwa pamoja na fasihi simulizi.