Ustadi wa Kujizuia

Mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo mkali akilazwa, kila amtazamaye hutamani kumwona ameshiba, tena upesi. Muuguzi aliyeijua kazi hii haipi haraka hiyo nafasi. Hupima maziwa kidogo, humpa, kisha hungoja saa mbili zipite ampe tena. Katika ufundi wote wa hospitali, sijaona unaonigusa kama huu wa mtu mwenye huruma kukubali kufuata kipimo.

Ana sababu. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu hupunguza kazi zake ili uishi. Moyo husukuma damu kinyonge, na figo hazimudu kutoa chumvi na maji yaliyozidi. Chakula kingi kikiingia ghafla, potasiamu na fosfeti iliyobaki kwenye damu hukimbilia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Aliyenusurika na njaa huweza kuuawa na shibe.

Ndiyo maana maziwa tiba ya kwanza ni F-75: kilokalori 75 katika mililita 100, protini kidogo, wala hayana madini ya chuma. Mtoto wa kilo 6 asiye na uvimbe hupewa mililita 130 kwa kila kilo, yaani 780 kwa siku. Zikigawanywa mara 12, kila mlo ni mililita 65. Akiwa amevimba sana, mlo hushuka hadi 50. Usiku nao una milo yake, saa sita, saa nane, saa kumi, kwa kuwa mtoto huyu akikosa chakula sukari ya damu hushuka na mwili hupoa, na lolote kati ya hayo laweza kumuua kabla hakujapambazuka.

Kwanza hujaribiwa kikombe, mtoto akiwa amepakatwa na mama yake. Asipoweza kunywa cha kutosha, huwekewa mpira wa puani. Muuguzi huupima kwanza juu ya mwili wa mtoto, kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi chini ya kifua, akautia alama na kuupitisha taratibu. Kabla ya kumimina chochote huvuta majimaji kidogo na kuyagusisha karatasi ya kupimia asidi, apate hakika kwamba mpira umefika tumboni, haukupotelea mapafuni. Kisha huchomoa kisukumio cha bomba la sindano, akaliinua kidogo, maziwa yakateremka yenyewe. Hayasukumwi. Na mlo unaofuata, kikombe hutangulia tena.

Kazi nyingine ni ya maneno. "Sista, mbona mwanangu hamumwekei dripu?" Hilo huulizwa sana, na lina haki ya kujibiwa vizuri: "Mama, moyo wake bado umechoka, maji ya mshipani yatamzidi. Tumbo linapokea, basi tulitumie." Dripu huwekwa kwa mtoto aliye katika hali ya hatari hasa, kama mshtuko wa mwili. Siku chache baadaye mama huona uzito umeshuka, akaingiwa na hofu. Muuguzi humbonyeza mtoto mguuni, shimo la kidole halibaki tena kama jana, na mama akaelewa kwamba uliopungua ni uvimbe.

Hamu ya kula ikirudi, F-75 huipisha F-100, maziwa tiba ya hatua inayofuata, kwa kiasi kilekile kwa siku mbili. Ndipo huongezwa mililita 10 kila mlo, mpaka mtoto aanze kubakiza. Muda wote huo mapigo ya moyo na pumzi huhesabiwa. Mapigo yakizidi kwa 25 kwa dakika na pumzi kwa 5, na hali hiyo ikaendelea, maziwa hupunguzwa. Mambo yakienda vizuri, mtoto huongezeka gramu 10 au zaidi kwa kila kilo kwa siku. Kwa yule wa kilo 6, hizo ni gramu 60.

Shirika la Afya Duniani liliuchapisha utaratibu huu katika mwongozo wa mwaka 1999, na miongozo ya wizara zetu imeufuata. Lakini mwongozo haumwamshi mtoto saa nane za usiku. Anayemwamsha ni muuguzi, na akiachwa peke yake na wodi iliyojaa, milo 12 hugeuka kuwa minane, kisha sita. Hospitali inayotaka watoto hawa wapone iwapange wauguzi wa usiku kwa uzito uleule inaoagizia dawa, maana kwa mtoto huyu mlo uliotolewa kwa wakati wake ni dawa.