Hakuja au Hajaja? Petro, Mbiti na Bwana Anayekawia

Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo lugha nyingine huyaacha yachanganyike. Mwenyeji aliyefunika chakula kwa kawa akimngoja mgeni husema, "Hajaja." Usiku ukiwa mkubwa, akafunua kawa na kuwagawia watoto, husema, "Hakuja." Ukweli wa nje ni uleule: mgeni hayupo. Kilichobadilika ni msimamo wa anayesema. Hajaja hukanusha tukio bila kuifuta ahadi. Hakuja hulifunga shauri. Mjadala wa Wakristo kuhusu kurudi kwa Yesu, uliodumu karibu miaka 2000, unaweza kusomwa wote kama ugomvi baina ya vikanushi hivi viwili.

Ugumu wenyewe umo katika maandiko, haukuletwa na wasomaji wenye subira fupi. Injili ya Marko, sura ya 9 na ya 13, inamwonyesha Yesu akiufungamanisha ujio wa ufalme na uhai wa watu waliokuwa wakimsikiliza. Paulo, akiwaandikia Wathesalonike yapata mwaka 50, anajihesabu miongoni mwa watakaokuwa hai siku hiyo. Mwishoni mwa Injili ya Yohana inabidi uvumi usahihishwe: ndugu walidhani mwanafunzi mmoja hatakufa kabla ya Bwana kurudi, na mwandishi anajitahidi kueleza kwamba Yesu hakusema hivyo. Nyuma ya usahihisho huo msomaji makini husikia msiba. Yamkini mtu huyo alikuwa amekwisha kufa.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa ustadi zaidi ni Mathayo. Katika sura ya 24 yumo mtumwa anayejiambia kwamba bwana wake anakawia. Anaanza kuwapiga watumwa wenzake na kunywa pamoja na walevi, na bwana anamfikia siku asiyoitazamia. Mistari michache baadaye, mwanzoni mwa sura ya 25, wamo wanawali kumi. Wale watano wapumbavu hawakukosea kwa kudhani kwamba bwana arusi angekawia. Walikosea kwa kudhani kwamba angewahi, ndiyo maana hawakubeba mafuta ya akiba. Mtumwa anaadhibiwa kwa kuhesabu muda mrefu, wanawali kwa kuhesabu muda mfupi. Ikihubiriwa mmoja mmoja, Jumapili mbalimbali, mifano hii hutoa maonyo mepesi, ya ulevi na ya usingizi. Ikisomwa kwa mfululizo, kama mwandishi alivyoipanga, inaziba njia zote mbili za kukisia, na kinachobaki mkononi mwa msikilizaji ni kazi tu: kuwapa wenzake chakula kwa saa yake, na kuwa na mafuta.

Biblia ya Union Version ya 1952 hutumia kitenzi kukawia kwa mtumwa na kwa bwana arusi, na hukirudia katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 3. Kiyunani kina vitenzi viwili hapo. Kile cha Mathayo kimejengwa juu ya neno lenye maana ya muda, na humaanisha kuchukua muda. Kile cha Petro humaanisha kuwa mzito, kujivuta. Tafsiri imepoteza tofauti hiyo, lakini imepata faida nyingine, kwa kuwa haikuchagua kuchelewa. Anayechelewa ana saa aliyoahidi akaivunja, na methali inamtisha: chelewachelewa utakuta mwana si wako. Anayekawia anaweza kuwa hana kosa lolote. Methali yake ni kawia ufike. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili, hata kabla hajaisikia hoja ya Petro, tayari ametiwa sikioni neno linaloelekea upande wa msamaha.

Wataalamu wengi huuona waraka huo kuwa miongoni mwa maandiko ya mwisho kabisa ya Agano Jipya, ulioandikwa kwa jina la Petro baada ya kizazi cha mitume kupita. Dhihaka inayojibiwa humo iko wazi: mababa wamelala, na dunia inaendelea kama ilivyokuwa tangu kuumbwa. Wenye dhihaka wanasema, kwa ufupi, hakuja. Majibu ya mwandishi ni kadhaa na hayalingani kwa nguvu. Lile linalopendwa zaidi, lililochotwa katika Zaburi ya 90, kwamba kwa Mungu siku moja na miaka elfu ni sawa, ndilo dhaifu kuliko yote. Likikubaliwa bila masharti, neno "upesi" linabaki sauti tupu, na ahadi isiyoweza kuvunjwa kwa sababu kipimo chake hakijulikani haiwezi kutimizwa pia.

Jibu la pili ni zito. Muda huu, asema mwandishi, ni uvumilivu wa Mungu asiyetaka yeyote apotee. Hapa shtaka linageuzwa: aliyekuwa akimlaumu mgeni kwa kukawia anaambiwa kwamba yeye ndiye anayesubiriwa. Kisha, katika mstari wa 12, linatokea neno ambalo mahubiri mengi hulipita haraka, kwamba waamini wanaweza kuihimiza siku hiyo. Kama inaweza kuhimizwa, basi haikuwahi kuwa tarehe iliyoandikwa mahali ikisubiri kufichuliwa.

Uhakiki wa kisasa wa Ulaya ulianzia upande wa hakuja. Albert Schweitzer, mwaka 1906, miaka saba kabla ya kwenda Lambaréné nchini Gabon kama daktari, alidai kwamba kukawia kulianza hata kabla ya msalaba: katika Mathayo sura ya 10 Yesu anawatuma wale kumi na wawili akitarajia Mwana wa Adamu atokee kabla hawajaimaliza miji ya Israeli, nao wakarudi bila lolote kutokea. C. H. Dodd, mwaka 1935, alijibu kwamba ufalme ulikwisha kufika katika huduma ya Yesu mwenyewe. Hans Conzelmann, mwaka 1954, akamsoma Luka kama mwandishi aliyeugeuza muda wa kungoja kuwa historia ya kanisa. Baina yao yupo Oscar Cullmann, ambaye mwaka 1946 alifananisha zama za kanisa na miezi ya mwisho ya vita, pigano la kuamua likiwa limekwisha kupatiwa ushindi na siku ya amani ikiwa bado. Ni mfano mzuri kwa mtu anayeitazama ramani. Humfariji kidogo sana yule anayepigwa risasi katika miezi hiyo.

Huko Marekani swali halikubaki kwenye maktaba. William Miller, mkulima wa jimbo la New York, alikokotoa kutoka kitabu cha Danieli kwamba Bwana angerudi yapata 1843, na hatimaye wafuasi wake wakashikilia tarehe 22 Oktoba 1844. Kulipopambazuka tarehe 23, wengi walisema hakuja na kwenda zao. Wachache walishikilia kwamba hesabu ilikuwa sahihi na tukio ndilo lililoeleweka vibaya: Kristo alikuwa ameingia katika hatua mpya ya huduma yake mbinguni. Kutoka kwa wachache hao lilizaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Mwaka 1903 wamisionari wake walifika Upare, na mwaka 1906 Gendia, kando ya Ziwa Victoria. Ni rahisi kuicheka hesabu ya Miller. Lakini kanisa lililojenga shule na hospitali kutoka Upare hadi Kisii limejibu kwa matendo swali ambalo kalenda yake ilishindwa kulijibu, na katika hilo liko karibu zaidi na Mathayo kuliko lilivyokuwa mwaka 1844.

Hata hivyo, mwandishi aliyelichukua swali hili kwa undani zaidi katika mazingira ya Afrika Mashariki ni John Mbiti. Kitabu chake New Testament Eschatology in an African Background, cha 1971, kinachunguza mahubiri ya Africa Inland Mission katika Ukambani. Shutuma yake ni kali: wamisionari waliihubiri siku ya mwisho kama tukio la baadaye tu, tena la karibu mno, na wakaziacha alama za moto, mji wa dhahabu na machozi zipokelewe kama vitu vya kushikika. Hoja hiyo inasimama juu ya dai alilolitangaza miaka miwili kabla katika African Religions and Philosophy. Kwa mujibu wa Mbiti, Mwafrika wa jadi ana Sasa ndefu na Zamani isiyo na kikomo, lakini wakati ujao wake hauzidi miezi michache au, kwa wingi, miaka miwili. Kuja kwa Bwana, kwa kuwa hakuna mahali pa mbali pa kukuweka, kunasukumwa ndani ya Sasa, na kusipotokea huzaa fadhaa.

Dai hilo limepingwa kwa haki. Kwame Gyekye alitumia Kiakan kuonyesha kwamba lugha moja haiwezi kulisemea bara zima. Ushahidi wa Mbiti ni njeo za Kikamba na Kikikuyu, ilhali majina ya nguzo zake mbili ameyaazima kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa shahidi wake. Mtu anaweza kumtetea kwa kusema kwamba Kiswahili nacho huhesabu kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, kisha majina yanakwisha. Lakini hakuna mkulima aliyeacha kupanda minazi kwa sababu siku ya tano haina jina. Jibu kubwa zaidi alilitoa Mbiti mwenyewe bila kukusudia. Katika miaka ya mwisho ya uhai wake, uliokoma Uswisi mwaka 2019, alichapisha Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kiyunani hadi Kikamba, pamoja na sura zile zote za Mathayo na Petro. Lugha ambayo kwa nadharia haikuufikia wakati ujao wa mbali ilitosha kuubeba.

Lakini kumwacha Mbiti hapo ni kumdhulumu. Akikosea kuhusu njeo, hakukosea kuhusu mahali ambapo tumaini hukaa. Hajaja si njeo ya wakati ujao hata kidogo. Ni kikanushi cha amekuja, na makazi yake ni Sasa. Anayelitamka hahitaji kuiona miaka elfu iliyo mbele yake. Anahitaji tu kujua kwamba neno alilopewa jana bado linafanya kazi leo. Ndiyo maana Mbiti alitafuta tiba katika ubatizo na meza ya Bwana, mahali ambapo kanisa hukutana na kinachongojwa bila kuuliza tarehe. Dua kongwe ya Kiaramu, Maran atha, inamuunga mkono: ukiyagawa maneno kwa namna moja ni "Bwana wetu amekuja", ukiyagawa kwa namna nyingine ni "Bwana wetu, njoo", na maandishi ya Kikristo ya mwanzo yanayoitwa Didake yanaiweka katika sala za meza hiyohiyo.

Suala ambalo Mbiti na Petro wote wawili hawakulimaliza ni gharama ya subira. Uvumilivu unaompa mkosaji nafasi ya kutubu unampa pia nafasi ya kuendelea kukosa, na anayelipa ni mwingine. Ufunuo, sura ya 6, unaziweka chini ya madhabahu roho za waliochinjwa, zikipaza sauti kuuliza ni hadi lini. Jibu wanalopewa ni kanzu nyeupe na agizo la kungoja, mpaka idadi ya wenzao watakaouawa itimie. Hilo linagongana waziwazi na faraja ya Petro, na waliokusanya maandiko matakatifu waliyaacha yote mawili bila kuyapatanisha. Katika istilahi ya Mbiti, wafu ambao bado wanakumbukwa kwa majina hukaa ndani ya Sasa. Hawa wa chini ya madhabahu wamo humo, wakiuliza, na swali lao ni la watu ambao hawajasema hakuja.