Miaka 35 Ndani ya Mabano

Kuna rejeleo ambalo ni sahihi kabisa na bado linapotosha: (Kitereza, 1980). Hivyo ndivyo mtindo wa APA unavyotutaka tuitaje riwaya ya Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, iliyotolewa na Tanzania Publishing House. Jina, koma, mwaka. Hakuna msimamizi atakayeweka wino mwekundu hapo.

Lakini Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, alimaliza kuandika riwaya hiyo mwaka 1945. Aliiandika kwa Kikerewe, na mswada ukakaa bila mchapishaji kwa kuwa lugha ya kisiwa haikuwa na soko. Baadaye akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo kitabu kikatoka. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Kati ya kalamu yake na kitabu chake kuna miaka 35, na mabano hayaisemi.

Utaniambia huo ni umbea wa tarehe. Basi mweke Kitereza karibu na Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe pia, aliyezaliwa mwaka 1944. *Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971. Tasnifu inayosimulia maendeleo ya riwaya kwa kufuata miaka ya kwenye mabano itamweka Kezilahabi mbele ya Kitereza kwa miaka tisa. Kumbe mzee alipoweka nukta ya mwisho kwenye mswada wake, Kezilahabi alikuwa bado mtoto mchanga. Fanya hivyo hivyo kwa Chinua Achebe. *Things Fall Apart* ni ya mwaka 1958, kwa hiyo Kitereza anayesimulia maisha ya Wakerewe kabla ya ukoloni anaonekana kama mtu aliyefuata njia iliyokwisha kufyekwa, ilhali kazi yake ilikuwa imekamilika miaka 13 kabla. Mjukuu anageuka babu, na aliyetangulia anageuka mfuasi, bila mtu yeyote kuandika uongo.

Kwa nini mtindo unafanya hivi? Kwa sababu haukuandikwa kwa ajili ya Kitereza. APA ni Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, na mwongozo wao ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba katika jarida la *Psychological Bulletin*. Leo uko kwenye toleo la saba, la mwaka 2019. Katika saikolojia, na katika sayansi nyingine nyingi, mwaka ni habari muhimu sana. Msomaji anataka kujua upesi kama jaribio ni la juzi au la miaka ya 60. Ndiyo maana mwaka unakaa kando ya jina, usoni kabisa. Mtindo wa MLA, uliozoeleka kwa watu wa fasihi na lugha, ndani ya mabano unaweka jina na ukurasa tu, kwa sababu wanaogombania maana ya sentensi wanataka kwanza kujua sentensi iko wapi. Kila mtindo una swali unalolipenda. APA inauliza: lini?

Hilo ni swali zuri. Shida ni kwamba jibu linalopokelewa ni moja tu: lini *kilichapishwa*. Kwa mtafiti mwenye maabara na jarida linalomsubiri, kuandika na kuchapishwa vinakaribiana. Kwa mwandishi wa Ukerewe aliyechagua lugha ya nyumbani kwake, katikati kuna wachapishaji, tafsiri na umri wote wa utu uzima. Mwaka 1980 unatuambia lini soko lilimkubali Kitereza. Sisi tunausoma kana kwamba unatuambia lini aliwaza.

Tuutendee haki mtindo wenyewe: unajua kwamba mwaka mmoja hautoshi siku zote. Kitabu kilichotafsiriwa au kutolewa upya hupewa miaka miwili yenye mkwaju katikati, wa kwanza ukiwa wa toleo la awali. Kwa hiyo anayetumia tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, ya mwaka 2002, asimwache Kitereza aonekane ameibuka na riwaya mpya miaka 21 baada ya kufa. Lakini mkwaju huo unadai uchapishaji wa kwanza. Mwaka 1945 hapakuwa na uchapishaji. Palikuwa na mswada tu, na kanuni hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mswada.

Sasa angalia jinsi tunavyofundishwa. Wakati wa kukabidhi tasnifu, simama kwenye foleni ya steshenari yoyote hapa Mabatini. Utamsikia mtu akimwambia anayechapa, "Nirekebishie marejeleo yawe APA," kwa sauti ya mtu aliyempelekea fundi suruali apunguze pindo. Simlaumu. Ameambiwa kwamba mtindo ni suala la koma, italiki na mjongezo, na programu kama Zotero inaweza kumalizana nalo. Hakuna aliyemwambia kwamba mabano ni dai. Ukiandika jina na mwaka, umedai kwamba mtu fulani alisema jambo wakati fulani, na dai hilo ni lako, si la programu. Wapo pia wasimamizi wanaotaka vyanzo visivyozidi miaka kumi. Kwa takwimu za samaki ziwani nawaelewa. Kwa riwaya, sijui wanataka tumfanye nini Kitereza.

Dawa yake haihitaji kuugomea mtindo. Anayeugomea bila kuuelewa atapunguziwa alama, na Kitereza hatapata chochote. Mabano yaache yafanye kazi yake ya kumfikisha msomaji kwenye kitabu chenyewe, kwa mwaka ulioandikwa ndani yake. Kazi iliyobaki ni ya sentensi: *Kitereza alikamilisha mswada wa Kikerewe mwaka 1945, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili; tafsiri hiyo ndiyo iliyochapishwa (Kitereza, 1980).* Ni mstari mmoja na nusu. Hakuna kanuni ya APA inayoukataza, na hakuna programu itakayokuandikia.

Kisha rudi kwenye sura yako ya mapitio ya maandiko na ukague kila mahali ulipoandika "baadaye", "akafuatia", "kwa mara ya kwanza". Maneno hayo matatu ndiyo yanayobeba historia ya fasihi yetu ndani ya tasnifu, na mara nyingi tumeyatoa kwenye mabano bila kuuliza. Kutoka Mwanza, meli ya Nansio inakufikisha Ukerewe siku hiyo hiyo. Mswada wa Kitereza ulichukua miaka 35 kutoka kisiwani hadi kwenye kitabu. Anayejua hilo akalinyamazia, amelificha.